Mapigo ya Alhamisi

Jino la juu la kushoto alilipachika kulia. Akalitazama, akalitazama tena, akasonya. Miaka tisa anatengeneza meno bandia, na leo Fundi alikuwa amemtengenezea mzee wa watu mdomo ambao ungecheka upande upande.

Alilichomoa kwa ncha ya kisu, akapasha nta kidogo, akalirudisha. Likakaa vibaya. Akalichomoa tena. Saa ya ukutani ilisema saa saba na robo, na miadi yake ilikuwa saa nane. Kutoka karakana yake hadi kliniki ni mwendo wa dakika kumi na mbili kwa mtu asiye na haraka. Fundi alikuwa ameshautembea kwa saba.

Haya, tusifichane. Mwanamke huyu hakuwa mgonjwa. Aliwahi kuwa mgonjwa, tena si kidogo. Mwenye karakana alipostaafu akamwachia kazi zote, wasiwasi ulimvamia kama mgeni asiyebisha hodi. Alikuwa akifunga mlango, akifika njia panda, anarudi kukagua bomba la gesi. Anafunga, anafika njia panda, anarudi. Siku moja alirudi mara sita, akaishia kukaa sakafuni katikati ya rafu za taya za plasta, moyo unamdunda hadi masikioni, mikono inamtetemeka, ana hakika kwamba anakufa. Hakufa. Lakini fundi wa meno akishaanza kutetemeka mikono, atakula nini? Vidonge alivyopewa vilimfanya asinzie juu ya nta. Ndipo mteja mmoja alipomwelekeza kwenye kliniki ya tiba ya asili ya Kichina, kwa kijana anayetibu wasiwasi kwa kuchoma sindano masikioni.

Alikwenda huku anacheka moyoni. Alichomwa sindano tano nyembamba kama unywele, akalala usingizi fofofo pale pale kitini, mdomo wazi, mbele ya watu. Kila Alhamisi alirudi. Kufikia wiki ya sita, bomba la gesi alilikagua mara moja tu, kama binadamu wengine, akaenda zake nyumbani.

Alikuwa amepona, basi. Tatizo likawa ni yeye aliyemponya.

Kwa tiba ile, kabla ya sindano hata moja, mtabibu hushika mkono. Anakaa mbele yako, anakulaza mkono juu ya kimto kidogo, anaweka vidole vitatu kwenye kifundo, anafumba macho na kusikiliza mapigo. Dakika nzima mkono wa kushoto, dakika nzima wa kulia, na hakuna kuongea; mwishowe anakuambia utoe ulimi, anautazama. Sasa niambie, nani ameumbwa kwa chuma? Yule Tabibu alikuwa na vidole vya joto na kope ndefu, na akifumba macho, Fundi alikuwa huru kumtazama apendavyo. Kwa hiyo wiki ya saba, Tabibu alipofumbua macho akauliza, "Vipi dada, unalala?" Fundi alifungua mdomo aseme analala kama mtoto mchanga. Kilichotoka ni neno moja.

"Bado."

Na Tabibu akaamini, kwa sababu mapigo aliyoyashika yalikuwa yanakwenda mbio kweli. Asingeweza kujua. Hakuwahi kuyasikia mapigo ya Fundi siku ambayo si yeye aliyemshika. Wiki ya nane, bado. Ya tisa, bado. Alhamisi iliyopita, ya kumi na moja, aliandika kwenye daftari lake, akaweka kalamu chini, akasema polepole, "Dada, wiki ijayo ni ya mwisho. Nimeshindwa."

"Umeshindwa nini?"

"Niko kwenye mwaka wa majaribio. Mgonjwa asiyebadilika kwa mara kumi na mbili anahamishiwa kwa Mwalimu wangu, na mimi narudi stoo ya mizizi mwaka mzima. Kusaga na kupima. Sindano sitashika." Kisha akatabasamu ili kumtuliza yeye. Hilo ndilo lililomuua Fundi kabisa.

Wiki nzima hakutulia. Akisema ukweli, Tabibu atabaki na kazi yake, na yeye hatakuwa na sababu ya kukanyaga pale tena. Akinyamaza, kijana wa watu atakwenda kusaga mizizi kwa kosa ambalo si lake. Alilala na jambo hilo, akaamka nalo, akalipeleka karakana, na ndiyo maana jino la kushoto lilikuwa kulia.

Mlango ulisukumwa. Mama yake aliingia bila kubisha, mkoba kwapani, saa yake ndogo ya unesi imebanwa kifuani kama kawaida. Alikuwa amestaafu miaka mitatu, lakini mtaa mzima uliendelea kumwita Sista.

"Vua aproni, twende."

"Twende wapi, mama?"

"Kwa huyo mchoma sindano wako."

Fundi alicheka kidogo. Mama hakucheka.

"Tangu lini unanisindikiza, mama?"

"Tangu leo asubuhi, nilipoikuta kadi yako ya kliniki juu ya friji." Mama aliitoa mkobani, akaishika mbali na macho. "Mapigo, mia na kumi na nane. Wiki iliyotangulia, mia na kumi na tano. Hii nini? Jana jioni nilikushika mwenyewe: sabini na mbili. Juzi sabini. Ninaandika kila siku kwenye daftari langu, wewe mwenyewe unaniona. Wiki sita sasa hujavuka sabini na tano. Nyumbani mzima, ukienda kule unakimbizwa moyo! Miaka thelathini na minne nimeshika mikono ya wagonjwa, sijaona tiba ya namna hiyo."

"Mama, ngoja kwanza..."

"Ningoje nini?"

Fundi aliweka kisu mezani.

"Na yule daktari wa meno anayekuletea kazi amekuulizia tena," Mama aliendelea, akimfungulia kamba za aproni mgongoni kama mtoto wa chekechea. "Mtu mzima, mtulivu, ana jengo lake."

"Mama, ana kipara."

"Kipara hakimchomi mtu sindano. Twende."

* * *

Kliniki ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la miwani. Ukipanda ngazi unapokewa na harufu ya mizizi mikavu na maganda ya machungwa, na ukuta mzima wa vidroo vidogo vya mbao. Katika chumba cha Tabibu palikuwa na viti viwili, meza, kimto, na picha kubwa ya sikio yenye nukta nyekundu nyingi. Mama aliitazama ile picha kama anayetazama chumba kilichoachwa bila kufagiliwa.

Tabibu alisimama haraka. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayemtoboa mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Karibu ukae."

"Nitasimama. Hayo masikio yako yamefanya nini?"

Ni hapo Fundi alipotazama vizuri. Masikio ya Tabibu yalikuwa yamebandikwa plasta ndogo ndogo, saba kushoto, sita kulia, na chini ya kila plasta palivimba kambegu keusi. Ni zile zile mbegu anazobandikwa mgonjwa aende akazibonyeze nyumbani.

"Ninajaribu vituo vya sindano upya," Tabibu alisema kwa aibu. "Nilidhani labda kuna kimoja ninachokosea. Nikikikosea kwangu nitakisikia."

"Kwa ajili ya nani?" Fundi aliuliza, ingawa alijua.

"Kwa ajili yako, dada. Wengine wote wanaendelea vizuri."

Fundi alikaa kitini. Sema sasa, alijiambia. Sema, wewe mwanamke. Tabibu alikuwa ameshavuta kimto, ameshakaa, na vile vidole vitatu vimeshashuka kwenye kifundo cha mkono wake. Maneno yote yakarudi tumboni.

Dakika ikapita. Tabibu alifumbua macho, uso umemshuka.

"Mia na ishirini."

"Nilijua!" Mama alibamiza daftari lake juu ya meza, likafunguka lenyewe. "Soma hapa. Soma tarehe, soma namba. Sabini na moja. Sitini na tisa. Sabini na nne, siku hiyo alipanda ngazi na mfuko wa plasta. Huyu si mgonjwa nyumbani. Anaumwa akifika kwako."

Tabibu alisoma. Alifunua ukurasa, akafunua mwingine. "Haiwezekani," alisema taratibu. "Mama, umemshika vizuri?"

Fundi alifumba macho. Kumuuliza Sista kama amemshika mgonjwa vizuri! Alisubiri radi.

"Kijana," Mama alisema kwa sauti ya wodini, "sogea." Akavuta kiti, akaketi, akamshika bintiye mkono na kuinua saa yake kifuani. Tabibu alisimama nyuma yake, karibu, akichungulia. Nusu dakika ilitosha.

"Mia na kumi na sita," Mama alikiri. Alikunja uso, akafikiri. Kisha uso ukamkunjuka. "Koti! Hilo koti jeupe. Nimewaona wengi, mtu mzima na ndevu zake akiona koti jeupe tu presha inapanda. Toka nje kidogo. Funga mlango."

Tabibu alitoka. Fundi alijaribu kuvuta mkono, Mama akaubana. Chini barabarani mtu alikuwa akipiga honi, na moyo wa Fundi, msaliti mkubwa, ulianza kushuka pole pole kama maziwa yaliyoondolewa motoni.

"Tisini," Mama alihesabu. "Themanini na tatu. Sabini na nane. Haya! Nilisema mimi! Ni koti." Akapaza sauti kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. "Kijana! Vua koti, uingie!"

Mlango ulifunguka. Tabibu aliingia na shati la bluu, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko. Fundi hakuwahi kumwona bila koti. Shati lilikosa kifungo kimoja, cha pili kutoka juu.

Vidole vya Mama vilikuwa bado kwenye mkono wake. Fundi alivihisi vikikaza. Mama aliacha kutazama saa. Alimtazama Tabibu, akashuka kwenye lile shati, kisha akageuka taratibu na kumtazama mwanawe usoni, muda mrefu, hadi Fundi akahisi uso wake unawaka.

"Imekuwaje, mama?" Tabibu aliuliza. "Ni koti?"

"Si koti," Mama alisema. Aliuachia mkono. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya adabu. Sauti ya adabu ya mama huyu ni jambo la kuogopwa. "Nilikosea mimi, Tabibu. Nakuomba radhi. Sindano zako hazijamfaa. Mwite mkubwa wako, amhamishe leo leo."

"Sawa, mama," alisema Tabibu. Alisimama sekunde moja zaidi, kama aliyetaka kuongeza neno. Halafu akatoka.

* * *

"Tangu lini?" Mama aliuliza mara mlango ulipofungwa.

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mjinga. Nimeushika mwenyewe."

Fundi alikunja mikono kifuani, akaikunjua. "Sijui. Wiki ya tano. Ya nne."

"Na yeye anajua?"

"Anadhani ni ugonjwa."

"Vizuri. Aendelee kudhani."

"Mama! Atanyang'anywa sindano, akasage mizizi mwaka mzima kwa ajili yangu!"

"Atasaga mizizi mwaka mmoja. Sijawahi kumpokea wodini mtu aliyeuawa na kusaga mizizi." Mama alianza kulirudisha daftari mkobani, akaliacha pale mezani. "Sikiliza. Baba yako aliponishika mkono mara ya kwanza nilikuwa zamu. Nilidondosha trei nzima. Mapigo yangu yalikuwa hivyo hivyo, hata zaidi. Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao. Ulikuwa na miaka mitatu alipoondoka. Na moyo wangu uliendelea kukimbia kila mlango ulipogongwa, miaka saba, nikidhani ni yeye. Miaka saba! Halafu unaniambia ninyamaze nikuone unapanda gari lile lile?"

Mama hakuwahi kumwambia hayo. Fundi alimtazama mama yake, ile saa ikipanda na kushuka kifuani kwa pumzi, na kwa mara ya kwanza maishani akamwona msichana aliyedondosha trei.

"Pole, mama," alisema.

"Sitaki pole. Nataka utulie."

"Nilitulia. Huyu ndiye aliyenituliza. Ulinikuta pale sakafuni kati ya mataya, unakumbuka? Nilikuwa nakuomba uniitie padre, sijui na nani. Naujua woga, mama, nimelala nao. Hiki si woga." Akasita. Alikuwa amechoka kudanganya watu. "Au kama ni woga, ndio ninaoutaka. Nampenda. Nikikaa kimya, nitakuwa nimempenda na kumwibia."

"Na ukisema, utampoteza leo leo. Mgonjwa akipona anapewa mkono, anaagwa. Mimi nimewaaga wangapi?"

"Najua."

"Unajua, na bado?"

Hatua zilisikika ukumbini. Fundi alisimama, akakaa, akasimama tena.

Aliyeingia kwanza alikuwa Mwalimu, mama mfupi mwenye nywele nyeupe na miwani ya kamba, ananukia iliki. Tabibu alimfuata na daftari kubwa la wagonjwa. Alilifungua mezani, akavua kifuniko cha kalamu. Hakumtazama mtu.

"Andika," Mwalimu alisema. "Ziara kumi na mbili. Mabadiliko?"

"Hakuna," alisema Tabibu, akainama.

"Usiandike!"

Lilitoka kwa sauti kubwa mno kwa chumba kile. Kalamu ilisimama. Mama aligeukia dirisha.

"Usiandike hivyo," Fundi alisema. "Nimepona. Nimepona tangu wiki ya sita. Nalala, nakula, naenda nyumbani bila kurudi kukagua gesi. Mikono yangu hii, tazama. Umeniponya wewe. Nilikudanganya."

Tabibu alimtazama kama mtu aliyeambiwa nyumba si yake. "Alhamisi tano?"

"Tano. Na leo ya sita, kama ningenyamaza."

"Nimekuuliza kila wiki. Unalala, dada? Bado. Unakula? Bado. Nimerudia vitabu vyote. Nimejitoboa masikio haya hadi silalii upande wowote. Nilikwenda kumwomba Mwalimu radhi kwa sababu yako." Aliweka kalamu chini. "Ulikuwa unanicheka?"

"Hapana! Jamani, hapana."

"Basi kwa nini?"

Hapo ndipo pa kufa na kupona. Fundi aliona nukta zote nyekundu za lile sikio la ukutani, kila moja. "Kwa sababu ungenishika mkono, ukafurahi, ukaniambia kwaheri. Na mimi nisingekuwa na pa kwenda siku ya Alhamisi. Hayo mapigo unayoyaandika ni yako. Ukitoka yanashuka. Muulize mama."

Mama hakugeuka. "Sabini na nane," aliliambia dirisha, kwa kinyongo. "Alipotoka. Alipoingia na hilo shati sikumaliza hata kuhesabu."

Masikio ya Tabibu, plasta na zote, yalikuwa yamegeuka rangi.

Mwalimu alikuwa amelivuta daftari la Mama na kulisoma ukurasa kwa ukurasa, bila haraka, akilamba kidole. "Mwandiko mzuri, Sista," alisema. Kisha akalivuta lile kubwa, akasoma na huko. "Tabibu. Mkono tumeuelewa. Ulimi wake je? Kila ziara unatazama ulimi. Wiki ya saba umeandika nini?"

Mwalimu alimgeuzia daftari.

"Soma."

"'Ulimi mwekundu wa kawaida. Umetulia.'"

"Wiki ya nane?"

"Hivyo hivyo."

"Ya tisa? Ya kumi?" Mwalimu alivua miwani, ikaning'inia. "Nimekufundisha miaka minne. Moyo unaweza kukimbizwa na mbwa, na habari mbaya, na shati. Ulimi haukimbizwi na mtu. Ulimi ulikuambia amepona, wiki tano. Kwa nini hukuusikiliza?"

"Nilidhani naona vibaya."

"Ulidhani, au uliomba?"

Kama kuna swali lililowahi kumvua mtu nguo hadharani, ni hilo. Fundi alimwona Tabibu akihangaika, na moyo wake ukaanza ile kazi yake, na hakuna aliyekuwa ameushika.

"Sijui, Mwalimu," alisema hatimaye. "Labda niliomba."

"Basi wote wawili wagonjwa na wote wawili wazima," alisema Mwalimu. "Andika: amepona, wiki ya sita. Sindano zako unabaki nazo, kwa sababu umeponya. Lakini mtu huyu hutamshika mkono tena. Miezi sita usikanyage kwake, naye asikanyage hapa. Mtu aliyelala chini ya sindano yako anakuona mkubwa kuliko ulivyo. Kwanza ushuke machoni pake, uwe kimo chako. Na wewe una hasira, zinakupanda hata sasa hivi. Ziache zishuke pia."

Tabibu aliandika. Fundi alisoma lile neno likiwa kichwa chini, upande wake wa meza: *Amepona.* Lilikuwa neno alilolitaka mwaka mzima, na sasa angelitoa bure kwa yeyote.

"Nenda salama, dada," alisema Tabibu. Alinyoosha mkono, akakumbuka, akaurudisha.

* * *

Walishuka ngazi. Nje jua lilikuwa kali, watu wanapita na mifuko yao, wengine wanajaribu miwani kwenye kioo cha duka. Fundi alitembea hatua kumi, akasimama, akatembea tano, akasimama tena. Mwili haukujua uende wapi.

"Ulifanya vizuri," Mama alisema bila kumtazama. "Sikupenda. Lakini ulifanya vizuri."

"Ameniita dada."

"Ulitaka akuiteje, mbele ya yule bibi?"

"Dada!"

Sauti ilitoka nyuma yao. Tabibu alikuwa ameteremka mbio, bila koti, anahema, plasta moja imebanduka inaning'inia sikioni. Alisimama hatua tatu kutoka kwao, kama aliyepimiwa.

"Sijakanyaga kwako," alimwambia haraka. "Hapa ni barabarani."

"Ni barabarani," Fundi alikubali.

"Nina hasira na wewe."

"Najua. Una haki."

"Nitakuwa nazo kwa muda. Mwezi mzima, labda miwili. Wewe ukisema bado, mimi nitajuaje tena kama ni bado kweli?"

"Hutajua," alisema Fundi. "Itabidi uniulize mara mbili. Nami sitachoka kujibu."

Tabibu alitazama viatu vyake. Watu wawili walipita katikati yao wakiomba samahani. "Ulisema ungepewa mkono, ukaambiwa kwaheri," alisema. "Ni kweli, ningekuambia kwaheri. Ndiyo kazi. Halafu ningekaa siku tatu, nne ikizidi sana. Halafu ningevunja jino."

"Ungefanya nini?"

"Ningevunja jino. Hili la mbele. Kwa nyundo, kwa mlango, vyovyote. Nije karakana kwako na mfuko wa barafu mdomoni, nikae kwenye kiti chako, na wewe unishike uso unipime." Alisema yote bila kutabasamu, kama anayetoa ushahidi. "Nimelifikiria tangu wiki ya nane. Nimeshachagua na jino."

Fundi alicheka. Alicheka hadi akashika ukuta wa duka la miwani, machozi yanamtoka, na hakujua ni machozi ya nini. "Usivunje," alisema alipoweza. "Tafadhali. Nakuomba tu, njoo nalo zima."

"Lini?"

Fundi alimtazama mama yake, na Tabibu naye akamtazama. Mama alikuwa amewapa mgongo, mkoba umebanwa kwapani, anatazama magari kana kwamba ana hesabu nayo. Mabega yake yalipanda, yakashuka.

"Yule bibi amesema miezi sita," alisema mwishowe, bila kugeuka. "Usije ukanifanyia saba."